Kitabu Kilichokatwa Ngwe Tatu

Kila Desemba ofisi yetu hapa Dodoma huwaomba wakuu wa vitengo wapendekeze vitabu vitatu vya kusoma likizoni, orodha itumwe kwa vijana wote wa mifumo na mitandao kabla hawajatawanyika kwenda makwao. Mimi huwa wa mwisho kujibu. Wenzangu hutuma mapema na orodha zao hufanana: kitabu cha uongozi, kitabu cha akili mnemba, na kitabu cha tajiri fulani wa ng'ambo aliyeanzia gereji. Nina hakika vingi kati ya hivyo wenyewe hawajavimaliza, kwa sababu nimewahi kumuuliza mmoja wao sura ya mwisho inasemaje akaanza kuulizia chai. Mwaka huu nilikuwa nimeketi kuandika, nimeshafuta mara nne, simu ikaita. Alikuwa Masanja, anapiga kutoka Sumbawanga. Hakunisalimia. Alisema, "Gaude, Prosper hatunaye," nami nikabaki naangalia kioo cha kompyuta bila kukumbuka nilitaka kuandika nini.

Siku mbili baadaye nilikuwa Chanji, mtaa wa Sumbawanga, nimeketi kwenye mkeka katika sebule ya Prosper, sweta mwilini, kwa sababu mvua za huku hazina huruma na mtu aliyezoea joto la Dodoma. Akina mama walikuwa wanapita na sinia za wali na maharage, na kwaya ya jumuiya ilikuwa imepumzika kidogo. Kijana mmoja aliyefanya kazi chini ya Prosper akaja akachutama mbele yangu. "Shikamoo mama. Marehemu alikuwa anatuambia nyinyi watatu mlisoma kitabu kimoja likizo moja, mkafanya mtihani, mkafaulu wote. Naomba jina la hicho kitabu. Nina likizo mwezi huu, nataka nikitafute." Masanja alikuwa amesimama mlangoni, akainamisha kichwa. Nilimjibu yule kijana kwamba kitabu chenyewe kimepitwa na wakati, mitambo iliyomo haitengenezwi tena. Sikumwambia kwamba hatukufaulu wote. Prosper alinisitiri zaidi ya miaka ishirini, akawa anawasimulia watoto wa watu hadithi nzuri kuliko ile iliyotokea, na mimi nilikuwa najua na nikamwacha. Sasa hayupo, na nimeona aibu kuendelea kujificha nyuma yake. Naandika ilivyokuwa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimechoka kuambiwa subiri. Kozi ya ufundi wa kompyuta ya Mwalimu Skola ilianza mwezi wa pili tukiwa wanafunzi tisa. Kufikia mavuno tulikuwa tumebaki watatu. Prosper alikuwa mtoto wa hapo hapo Chanji, mama yake anauza sabuni na chumvi kwenye kibanda cha dirisha moja, naye alikuwa na maneno mengi na mikono mizuri. Kompyuta iliyokufa alikuwa anaifungua huku anaipa pole. Masanja alitoka kwenye familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, wanakaa mbali, njia ya Matai, na alikuwa hasemi jambo mpaka awe na hakika nalo. Mimi nilikuwa natembea kutoka kijijini kwetu Kasense kila asubuhi, na kama kuna kitu nilichowazidi wenzangu ni ubishi. Darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, vumbi la saruji hadi kwenye madaftari, kompyuta tano ambazo tatu zilikuwa zinawaka, na ukuta mmoja wa mbao nyembamba uliotutenga na sebule ya Mwalimu mwenyewe. Mwalimu Skola hakuwa mama mzee, labda miaka thelathini na tano, na alivaa sweta moja ya kijani mwaka mzima. Alikuwa na tabia ya kuzima kompyuta yako ukimjibu "nimeelewa" kabla hajamaliza kuuliza. Wale sita walioondoka, naamini nusu yao waliondoka kwa sababu hiyo.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja mgeni kutoka Mbeya, bwana wa kampuni iliyopewa kazi ya kutandaza mtandao kwenye ofisi kadhaa za mjini. Tulishaambiwa kwamba kampuni inatafuta mafundi wa kubaki hapa kuuangalia huo mtandao, na kwamba itatupima Januari. Sisi tulikuwa watatu, tukachukulia kwamba watachukua watatu. Prosper alishaanza kutupangia nani atakaa dirishani ofisini. Siku hiyo wenzangu wawili walikuwa wametoka kununua waya, mimi nikabaki kumsaidia Mwalimu jikoni, nakaanga migebuka, samaki wa ziwani walioletwa asubuhi kutoka Kasanga. Jiko lilikuwa upande wa pili wa sebule, mlango wenyewe pazia tu. Nikamsikia Mwalimu anasema, "Wako vizuri. Wote watatu."

"Nimepewa nafasi mbili, Mwalimu."

"Ulisema tatu."

"Nilisema tutaona. Sasa tumeona, ni mbili. Ila usiwaambie, wataenda likizo wakakata tamaa. Acha waje wote na moto wao, mimi nichague."

Kijiko kikagonga kikombe mara kadhaa. Kisha Mwalimu akasema, "Nitawaambia asubuhi ya mtihani. Siwezi kuwaficha zaidi ya hapo." Mafuta yaliniruka mkononi na sikupiga kelele. Nilipakua ugali wa ulezi, nikapanga samaki, nikaingia na sinia, nikapiga goti na kumkaribisha mgeni, naye akanisifia samaki. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua kwamba mmoja wa hao wawili ni mimi. Sikuhuzunika kwa ajili ya mtu yeyote. Huo ndio ukweli, na nilipokuwa msichana niliuona kuwa ni ujasiri.

Kesho yake Mwalimu alifunga darasa. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa VITABU VYA LIKIZO, na chini yake akaorodhesha saba. Cha kwanza kilikuwa kitabu cha mitandao. Kulikuwa na kingine cha umeme wa majumbani, na hadithi ndefu ya Kiswahili, yoyote ile, mradi iwe na kurasa zaidi ya mia mbili. Alisema fundi wa kompyuta atasoma mambo mengi ya kuchosha maisha yake yote, bora azoee kukaa na kitabu kirefu kingali kitamu. Kulikuwa na kamusi, ya kusoma, si ya kuchungulia. Cha saba hakukipa jina: "Chochote mtakachosoma, kisimulieni kwa mtu wa nyumbani asiyejua kompyuta. Akielewa, andika kwamba umesoma. Asipoelewa, rudia." Prosper akanyoosha mkono. "Mwalimu, hivi vitabu viko wapi?" Akajibiwa kwamba cha kwanza kiko hapa, vingine atavitafuta. "Sumbawanga hii?" "Sumbawanga hii hii, Prosper. Kuna parokia, kuna walimu wastaafu, kuna jirani yako ana sanduku hajalifungua toka ahamie. Omba."

Kitabu cha kwanza alikiweka mezani. Kilikuwa kinene, cha Kiingereza, alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza akiwa Mbeya, na hakuwahi kutuachia tukishike tukiwa tumekula. Akatoa wembe mfukoni mwa sweta, akakifungua mahali alipokuwa ameweka kijiti, akapitisha wembe kwenye mgongo wa kitabu kutoka juu hadi chini. Akafanya hivyo tena mahali pengine. Prosper alisema, "Mwalimu, umekiua." Yeye akapanga vile vipande vitatu mbele yetu. "Kikikaa kizima mtakisoma kwa zamu, na wa tatu atakipata siku ya mtihani. Hii ni ngwe ya Masanja: nyaya na vifaa. Ya kati ya Gaudensia: anwani. Ya mwisho ya Prosper: kutafuta hitilafu. Mna wiki tano. Kila mtu alime ngwe yake mpaka mwisho, na mkirudi kila mmoja awafundishe wenzake wawili. Mtihani utatoka kitabu kizima." Niliviringisha kipande changu kwenye mfuko wa mbolea, nikakiweka kifuani ndani ya koti, nikatembea hadi Kasense kwenye manyunyu.

Vijana wangu wa leo wakisema likizo wanamaanisha kulala, na siwalaumu, kazi zetu zinamaliza macho. Lakini ninaposoma zile orodha za wenzangu, zenye picha ya kiti cha kunesanesa na kikombe cha kahawa, hucheka peke yangu. Huku kwetu juu Desemba ndiyo jembe lenyewe. Ndiyo wakati wa kubomoa yale matuta ya duara ya msimu uliopita, ambayo ndani yake tulifukia majani yakaoza, na kuyasambaza tupate kupanda ulezi. Nilikuwa naamka kabla ya watu wa nyumbani nasoma kurasa mbili nikiwa nimejifunga shuka mlangoni, penye mwanga, kisha narudia zile zile adhuhuri tukipumzika shambani. Kiingereza chake kilikuwa kigumu. Padri alikuwa ameniazima kamusi, na kuna siku ukurasa mmoja ulinila mchana mzima, mikono ina udongo, nageuza karatasi kwa kiwiko. Sijawahi tena kusoma kwa bidii ile. Nimesoma vitabu vingi vya kazi tangu hapo, vingine vizuri kuliko kile, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukuambia nilikuwa nakula nini nilipofika ukurasa fulani. Kile naweza: viazi vya kuchemsha na chumvi, sura ya sita.

Mahali nilipokwama ni kwenye zile namba. Kitabu kilisema kila kompyuta ina anwani, mstari wa namba, na nilielewa haraka, kama nyumba na namba yake. Lakini chini ya anwani kulikuwa na mstari wa pili wa namba, na kitabu kilizieleza kwa kurasa kumi na moja ambazo nilizisoma kwa siku nne bila kupata kitu. Siku ya tano mvua ilituzuia kwenda shambani. Tulikaa jikoni na mama tunachambua mbegu za maharage kwenye ungo, moshi unatutoa machozi, na kwa kuwa Mwalimu alituagiza kusimulia, nikaanza kumsimulia. Mama hakuwahi kuona kompyuta. Alisikiliza, anatupa maharage yaliyotobolewa na wadudu, kisha akauliza, "Sasa hiyo kompyuta inajuaje kwamba huyu ni jirani wa kumwita tu kwa sauti, na yule yuko kijiji kingine lazima atumwe mtu?"

Nilitaka kumjibu kwamba haihusiani. Nikafunga mdomo, maana ilihusiana kabisa. "Nadhani inajua kwa hiyo namba ya pili," nilisema.

"Basi hiyo namba ndiyo mpaka wa kijiji. Mkikosea mpaka, mtu atashinda anamwita jirani ambaye si jirani yake. Lete huo ungo."

Nilimpa ungo nikakimbilia kile kipande cha kitabu. Kurasa zote kumi na moja zilifunguka. Kundi la kompyuta zilizo jirani likigawanywa sehemu mbili, ile namba ya pili lazima ibadilike, kwa sababu mpaka umesogea. Na nilijua vilevile, nikiwa nimepiga magoti pale kando ya moto, kwamba mtu anayetaka kutupima atauliza hapo. Furaha ya kuelewa ilinijaa, na nyuma yake papo hapo likaja wazo la pili. Prosper na Masanja hawana kurasa hizi. Wataelewa kwa kadiri nitakavyowaambia mimi.

Wiki ya baada ya Krismasi tulialikwa kulima kwa jirani. Kwa asiyejua: mwenye shamba hupika togwa na pombe ya ulezi, watu wanakuja na majembe yao, shamba linagawanywa ngwe, kila mtu anapewa ukanda wake. Mwenye nguvu humaliza mapema. Lakini hakuna anayesogelea chungu. Aliyemaliza hugeuka, huingia kwenye ngwe ya aliye nyuma kuliko wote kwa upande wa pili, wanalimiana mpaka majembe yakutane, na hivyo hivyo mpaka ukanda wa mwisho uishe. Hakuna anayekuambia ufanye hivyo. Mtoto hujifunza kwa kuona, na mtu akikaa chini wakati mwenzake anainama, watu humtania mpaka mwaka unaofuata. Mimi siku ile nilimaliza wa tatu, nikaingia kwenye ngwe ya mama mmoja mjamzito tukaimaliza pamoja, na kichwani mwangu nikawa napanga maneno nitakayotumia kuwaficha wenzangu ule mpaka. Mikono yangu na kichwa changu havikuwa kwenye shamba moja, na sikuliona hilo wakati ule.

Januari tulirudi. Mwalimu alitupa asubuhi tatu, moja kwa kila ngwe. Masanja alianza, polepole, anachora kila waya, na alipomaliza nilijua nyaya kama mimi ndiye niliyezisoma. Alikuwa amezisoma akichunga, akamsimulia babu yake kwa Kisukuma, na babu alitaka kujua waya ukikatwa katikati sauti iliyokuwa njiani inakwenda wapi. Prosper aliigiza kila hitilafu. Alikuwa kompyuta, alikuwa mteja anayelalamika, alikuwa fundi mwongo, tulicheka mpaka mwenye duka akagonga ukuta. Asubuhi ya tatu nikasimama mimi. Nilifundisha vizuri, sisemi kwa kujisifu. Nilipofika kwenye namba ya pili nikasema, "Hii huwa inajaa yenyewe. Iacheni kama ilivyo."

Masanja alinyanyua kalamu. "Na kama kundi limegawanywa?"

"Hiyo haiulizwi. Ni mambo ya watu wa chuo kikuu."

Prosper akaandika kwenye daftari lake, *haiulizwi*, akapiga mstari chini yake kwa rula. Nilimwangalia anapiga ule mstari. Alikuwa na daftari safi kuliko mimi, na aliniamini, na nikaendelea na ukurasa uliofuata.

Asubuhi ya mtihani Mwalimu Skola alitusimamisha mlangoni akatuambia nafasi ni mbili. Sura yake ilikuwa imekauka. Prosper akamgeukia Masanja, "Basi wewe mwenzetu una ng'ombe, rudi kwa ng'ombe," akacheka, akamshika bega. "Natania, mshikaji. Tuingie. Atakayebaki tutamtafutia." Yule bwana wa Mbeya alikuwa ameshapanga kompyuta zile tatu kwenye pembe tatu za chumba, kila moja na kompyuta ndogo ya pili pembeni aliyokuja nayo. Kazi ilikuwa kwenye karatasi: ofisi moja ina idara mbili, kundi moja la anwani limegawanywa katikati, ziunganishe mashine, zipe anwani, za idara moja zionane. Nilisoma mara moja nikajua nimeshinda. Nilikata waya, nikabana vichwa vya plastiki kwenye ncha zake kama Masanja alivyotufundisha, nikapima kama Prosper alivyotufundisha, nikaandika anwani, nikaandika na mpaka wake mpya. Zikaonana. Niliinua mkono, bwana akaja akaangalia, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaniambia nikae nisubiri.

Nikageuka. Masanja alikuwa ameweka mikono mapajani, anaangalia kioo. Prosper alikuwa amefungua daftari, jambo lililoruhusiwa, na alikuwa kwenye ukurasa wangu. Alisoma, akarudi kwenye kompyuta, akajaribu, ikakataa. Akasoma tena. Alikuwa anaanza kupima waya upya mmoja mmoja, waya ambao haukuwa na kosa lolote, kwa sababu jambo la mwisho ambalo angelishuku ni maneno yangu. Ningependa kusema nilitafakari. Sikutafakari. Nilikuwa nimemaliza, mwenzangu ameinama, na miguu ikaniinua ikanipeleka kwake kama ilivyozoea, na nilipofika nikasema kwa sauti ya kumfikia na Masanja kwenye pembe yake: "Ile namba ya pili niliwadanganya. Haijai yenyewe. Ndiyo mpaka. Kundi likigawanywa mpaka unasogea, nayo lazima ibadilike. Gawanyeni katikati."

"Dada," alisema yule bwana, "unafanya nini?"

"Namalizia ngwe."

"Unamalizia nini?" Alinitazama kana kwamba nimesinzia. "Huu ni mtihani. Hakuna kusaidiana hapa. Ungekaa kitini ulikuwa umeshapita." Alichukua karatasi yangu, akaipiga mstari kutoka pembe hadi pembe. "Toka nje. Na nyinyi wawili futeni kila kitu, nitawapa namba nyingine."

Nilikaa nje kwenye mifuko ya saruji, chini ya turubai. Mwalimu Skola alikuja baada ya muda, akakaa pembeni yangu, sweta yake imeshika vumbi. Nikamwambia yote, kuanzia jikoni, pazia, samaki, mpaka asubuhi ya tatu. Alisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho hakuwahi kufanya. "Kwa hiyo ulijua toka Desemba," alisema. Nikasema ndiyo. "Na mimi nilijua toka Desemba, nikanyamaza. Basi tuko wawili." Nilitegemea aendelee, anisamehe au anifukuze. Aliinuka akaenda kuona mtihani unavyokwenda.

Walipita wote wawili. Lile somo la dakika moja liliwatosha. Namba mpya alizowapa yule bwana zilikuwa ngumu kuliko za kwanza na wakazigawa. Masanja alipotoka nilimweleza, naye akasema, "Ulinifundisha sura nzima ukaniibia ukurasa mmoja, halafu ukaurudisha mbele za watu. Sijui nikuweke wapi." Prosper alikuwa mwepesi zaidi kunielewa, na ndiyo maana alikasirika zaidi. Aliuliza swali moja tu. "Ulitaka mimi nibaki?"

"Nilitaka yeyote abaki ambaye si mimi."

Aliondoka bila kuaga. Kesho yake nilimkuta kibandani kwa mama yake, nikasalimia, akaendelea kupanga sabuni. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Mama yake alinijibu salamu mara mbili, ya kwake na ya mwanawe, bila kujua kwa nini. Nililia njiani kurudi Kasense, nikajiambia kesho nitapita tena, na nikapita, na keshokutwa, maana sikuwa tayari kupoteza vyote viwili, kazi na rafiki, kwa mpigo.

Ijumaa Mwalimu aliniita. Vile vipande vitatu vilikuwa mezani na sindano ya kushonea magunia. Alinikalisha nikashona mgongo wa kitabu, yeye amesimama ananielekeza, na nilipomaliza akasema, "Jumatatu darasa jipya linaanza. Wapo kumi na mmoja. Mimi nitafundisha nyaya. Anwani utafundisha wewe, utalala hapa kwangu, utakula hapa, na mwaka ujao kampuni nyingine ikija utaingia kwenye mtihani ukiwa umefundisha hiyo sura mpaka umeichoka." Nilimuuliza kama wanafunzi wataambiwa nilichofanya. "Waambie mwenyewe," alisema.

Niliwaambia. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, umeme umekatika, kwa hiyo hapakuwa na kompyuta hata moja ya kunisitiri, ubao tu na chaki. Watu kumi na mmoja, wengine wakubwa kwangu, walinitazama nilipokuwa naeleza mimi ni nani na kwa nini sina kazi. Kisha nikachora kijiji, nyumba na nyumba, na kuanza na zile kurasa kumi na moja. Nilikuwa nimefika kwenye mpaka wakati mlango ulipofunguka. Prosper aliingia, amevaa shati jipya la kazini, kazi yenyewe bado wiki mbili ianze. Hakunitazama. Alipita nyuma ya watu wote, akageuza debe la rangi akalikalia, akafungua daftari lake kwenye ukurasa ule, na niliona kutoka mbele kwamba lile neno lililopigiwa mstari kwa rula bado lilikuwepo. Nikaendelea kufundisha. Nikasema kundi likigawanywa mpaka unasogea, na ule mstari wa pili lazima ubadilike.

Prosper akanyoosha mkono.

"Rudia hapo, Gaude," alisema. "Polepole, naandika."

Nikarudia.